Kigoma mpaka Dar kwa ndege ni masaa mangapi? Jinsi ya kupiga hesabu mwenyewe bila simu kukudanganya

Nina kasteshenari kangu hapa Mwanga, Kigoma, natoa kopi, naprinti, nasaidia watu kukata tiketi za ndege kwenye simu, na haipiti siku mbili tatu bila mtu kuinamia dirishani akauliza, "kijana, hivi hapa mpaka Dar kwa ndege ni masaa mangapi?" Zamani nilikuwa najibu mawili, basi, anaondoka. Siku hizi namvutia kiti kwanza. Nimeshaona watu wamekosa ndege, wamekosa miadi Muhimbili, wengine wamefika Dar usiku ndugu aliyekuja kuwapokea ameshachoka kusubiri karudi zake Mbagala, na wote hao walikuwa na yale masaa mawili kichwani.

Kwa hiyo leo naandika yote niliyozoea kuwaeleza pale dirishani, ukishaelewa hutanihitaji tena, biashara yangu itakufa lakini potelea mbali.

Tuanze na kilomita maana ndo rahisi. Ukiingia kwenye intaneti kuna vikokotoo kibao vya umbali wa ndege (sio kile kikokotoo cha mafao, wazee tulieni), unaandika uwanja wa kutoka na uwanja wa kwenda kinakupa jibu. Hapo watu wanachemka kwenye majina. Viwanja vinatambulika kwa herufi tatu na herufi zenyewe sio lazima zifanane na jina la mji. Dar ni DAR, sawa, Tabora ni TBO, Mwanza MWZ, Dodoma DOD, Kilimanjaro JRO, Zanzibar ZNZ, ila Kigoma yetu ni TKQ, usiniulize kwa nini. Mtu anaona KGL anasema ahaa hii ndo Kigoma, kumbe hiyo ni Kigali, amepiga hesabu ya safari ya Rwanda nzima nzima. Mwingine aliandika DOH akidhani Dodoma akaletewa Doha, akashangaa mbona Dodoma imekuwa ya kuvuka bahari. Hakikisha herufi tatu kabla hujaamini kitu chochote kinachofuata.

Ukiweka TKQ na DAR utapata kilomita 1,077 hivi. Sasa angalia pembeni ya hiyo namba pameandikwa nini, maana kuna vikokotoo vinaleta 669 na vingine 581, na vyote viko sahihi! 669 ni maili za kawaida, zile za kilomita 1.609 kila moja, na 581 ni maili za baharini ambazo marubani na manahodha wanatumia, moja ni kilomita 1.852. Usije ukachukua 581 ukadhani ni kilomita ukaenda kumwambia mtu Dar ni karibu.

Na kama huna bando unaweza kuipata mwenyewe kwa kalamu. Waliopita form three wanakumbuka ile topiki ya dunia kama tufe, latitudo na longitudo, ambayo wengi tuliikariri tukaitapika kwenye mtihani ikaishia hapo. Kumbe ina kazi. Uwanja wa Kigoma uko latitudo 4.88 kusini na longitudo 29.67 mashariki. Uwanja wa Dar uko 6.88 kusini, 39.20 mashariki. Toa: latitudo tofauti ni 2.00, longitudo tofauti ni 9.53. Hapo fanya Pythagoras wa form two, 2.00 mara yenyewe ni 4, 9.53 mara yenyewe ni 90.8, jumla 94.8, kipeuo chake 9.74. Nyuzi moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo 9.74 mara 111 unapata 1,081. Kikokotoo kimesema 1,077. Umekosea kilomita nne kwenye safari ya kuvuka nchi nzima, na hizo nne zinatokana na kwamba mistari ya longitudo inaanza kubanana kidogo kadiri unavyoiacha ikweta. Sisi tuko karibu na ikweta ndo maana njia hii ya mkato inatukubali. Usiitumie kwa safari ya London au China, huko dunia inajipinda sana na hesabu itakupeleka porini.

Ukilinganisha na reli utaona tofauti, ile reli aliyoijenga Mjerumani ikafika huku kwetu mwisho wa reli mwaka 1914 ina kilomita kama 1,250 toka Dar, yaani ndege inakwepa kilomita 170 na ushee za kona na kuzunguka milima.

Haya, sasa muda. Hapa ndo simu inadanganya watu mchana kweupe. Vikokotoo vingi vinachukua umbali vinagawanya kwa spidi ya ndege kubwa, 800 au 900 kwa saa, halafu vinakuambia Kigoma Dar ni saa moja na robo. Wapi! Huku kwetu tumezoea Bombardier, ile Q400 ya mapangaboi mawili ya watu 76, zile ambazo Air Tanzania walianza kuzipokea mwaka 2016. Spidi yake ikiwa imekolea juu ni kama 667 kwa saa, lakini ndege haizaliwi angani. Inatembea chini mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, inapanda taratibu, ikifika inapunguza, inazunguka kujipanga kutua, Dar wakati mwingine inaambiwa subiri kuna wenzio mbele, halafu inatembea tena chini mpaka inaposimama. Muda ulioandikwa kwenye tiketi unahesabu vyote hivyo, toka inapoanza kusogea mpaka inapoegesha.

Kanuni yangu, na hii nimeipima na tiketi nyingi nilizoprinti, gawanya kilomita kwa 600 kama ni Bombardier halafu ongeza dakika 20. Kwa Kigoma Dar, 1,077 gawanya kwa 600 ni 1.8, yaani saa moja na dakika 48 (sio saa moja na dakika 80 jamani, hiyo nukta nane ni ya saa, zidisha kwa 60), ongeza 20 inakuwa saa mbili na dakika 8. Ukikuta tiketi imeandikwa saa mbili na dakika tano au na kumi, usishangae. ATR, zile ndege nyingine za mapangaboi, zenyewe ni za mwendo wa kistaarabu zaidi, gawanya kwa 480 ongeza hizohizo 20. Airbus ya jeti, ile A220, gawanya kwa 800 ila ongeza 30 maana inapanda juu zaidi na inakuwa na mambo mengi, na kwa umbali wetu huu utaona inaokoa kama dakika 20 tu kulinganisha na Bombardier, mtu anaweza kudhani jeti inafika nusu ya muda, hapana, safari fupi haiipi nafasi ya kukimbia.

Upepo nao una mkono wake. Ukivuma kutoka mashariki, anayekuja Kigoma anasukumwa na anayekwenda Dar anapambana nao uso kwa uso, kwa hiyo kwenda na kurudi vinaweza kupishana dakika kadhaa kwa ndege ileile, usimlaumu rubani.

Sasa nije kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye hii habari, nacho ni Tabora. Chukua ramani na rula, weka Kigoma na Dar, chora mstari. Tabora iko karibu kabisa na ule mstari! Kigoma mpaka Tabora kwa anga ni kilomita 351, Tabora mpaka Dar ni 732, jumlisha, 1,083. Moja kwa moja ilikuwa 1,077. Yaani kupitia Tabora kunakuongezea kilomita SITA, ni kama kutoka sokoni Mwanga kwenda Ujiji. Mtu akiona hivyo anasema basi tiketi ya kupitia Tabora ni sawasawa tu na ya moja kwa moja, tofauti iko wapi?

Tofauti iko kwenye tairi kugusa lami. Piga hesabu kwa kanuni ileile: Kigoma Tabora dakika 35 za kuruka ongeza 20, inakuwa 55. Pale Tabora weka nusu saa watu washuke, wengine wapande, mizigo ishushwe. Halafu Tabora Dar saa moja na dakika 13 ongeza 20, ni saa moja na 33. Jumla ni kama masaa matatu kasoro dakika mbili. Ile ya moja kwa moja ilikuwa mawili na dakika 8. Kilomita sita zimekula dakika hamsini! Ndo maana mteja akija kuniuliza umbali namuuliza kwanza, "inatua mara ngapi mama?" Kila kutua katikati hesabu kama dakika 50, iwe imekuzungusha au haijakuzungusha.

Na ikikuzungusha kweli ndo inazidi. Kuna siku unakuta njia inapitia Mwanza, huko ni kilomita 452 kutoka hapa halafu 852 kwenda Dar, jumla 1,304, kwa kanuni yetu unakaribia masaa matatu na dakika 20 na hapo nimeweka nusu saa tu ya kusimama. Kama ni kushuka na kubadili ndege kabisa, futa yote hayo, angalia saa ya ndege ya pili inavyoondoka, kanuni haina kazi hapo, unaweza kukaa Mwanza masaa manne unaangalia ziwa la watu.

Ndugu zangu wa Tabora nyie mna nafuu, kwenda Dar ni saa moja na nusu hivi, msituringie.

Haya, kosa kubwa kuliko yote ninaloliona halihusiani na kilomita wala spidi. Ni saa yenyewe. Tiketi inaandikwa kwa saa 24 na inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Shangazi yangu kabisa, mwaka juzi, alikuwa anakwenda Dar kwa binti yake aliyejifungua. Tiketi imeandikwa 08:10. Yeye kasoma saa nane na dakika kumi, tena mtoto wa jirani anayesoma sekondari akamthibitishia, ndio bibi, saa nane mchana. Asubuhi akapika vizuri, akafunga dagaa wake wa maana kwenye boksi, akaoga, akafika uwanjani saa sita na nusu mchana anajisifu amewahi. Ndege ilikuwa imeshatua Dar, imeshasafishwa, labda iko safari nyingine. 08:10 ni saa mbili na dakika kumi asubuhi. Tulikata tiketi nyingine, na boksi la dagaa liliondoka na basi siku iliyofuata. Shangazi mpaka leo anasema makosa ni ya tiketi.

Namna ya kugeuza ni hii. Kuanzia 07 mpaka 18 toa sita: 08:10 ni saa 2:10 asubuhi, 13:25 ni saa 7:25 mchana, 18:00 ni saa 12 jioni. Kuanzia 19 mpaka 23 toa kumi na nane: 19:30 ni saa 1:30 usiku, 21:00 ni saa 3 usiku. Kuanzia 00 mpaka 06 ongeza sita: 00:40 ni saa 6:40 usiku, 05:00 ni saa 11 alfajiri. Dakika haziguswi. Mi huwa nachukua peni nyekundu naandika saa ya Kiswahili juu ya karatasi ya tiketi kwa maandishi makubwa, na wewe fanya hivyo hata kama unajiona msomi.

Na hiyo ya 00:40 ina mtego mwingine wa tarehe. Tiketi ikisema tarehe 15 saa 00:40, ni usiku wa KUAMKIA tarehe 15, yaani uwe uwanjani tarehe 14 jioni. Ukisema nitakwenda tarehe 15 usiku, ndege imeondoka toka jana yake. Hii inawapata sana wanaounganisha Dar kwenda nje.

Tukifika kwenye kwenda nje lazima tuongelee majira ya nchi. Ndani ya Tanzania hakuna shida, Kigoma na Dar saa ni moja ingawa jua sio moja. Tuko nyuzi tisa na nusu magharibi ya Dar na kila nyuzi ni dakika 4 za jua, kwa hiyo jua la Kigoma linachelewa kama dakika 38 nyuma ya Dar. Waislamu wa Ujiji hili mnalijua bila hesabu, Ramadhani shemeji yako wa Temeke anakutumia picha ya uji na tambi huku wewe bado unaangalia ziwa na jua limening'inia juu ya Kongo. Ukifunga Kigoma ukapanda ndege ya mchana kwenda Dar utafuturu mapema, siku yako imepungua nusu saa na ushee, ya kurudi ndo utailipa.

Ila ukivuka mpaka saa inabadilika kweli. Bujumbura iko kaskazini yetu tu hapo, kama kilomita 180 kwa anga, lakini Burundi wako nyuma saa nzima, sawa na Rwanda, Zambia na Kongo ya upande huu wa ziwa. Dubai wako mbele yetu saa moja, China masaa matano. Na muda unaoandikwa kwenye tiketi kila wakati ni saa ya pale uwanja ulipo, wa kuondokea kwa saa ya huku, wa kufikia kwa saa ya kule. Usitoe moja kwa moja!

Chukua mfano wa wafanyabiashara wanaofuata mzigo Guangzhou. Dar mpaka Guangzhou kwa njia fupi ya anga ni kama kilomita 8,700, ndege kubwa ya moja kwa moja inatumia kama masaa kumi na kidogo. Tuseme umeondoka 10:00, saa nne asubuhi ya Dar. Utafika saa mbili na kidogo usiku wa Dar si ndiyo? Lakini tiketi itaandika kama 01:10 ya kesho yake, maana kule wako mbele masaa matano. Asiyejua anahesabu masaa kumi na tano anaogopa safari. Kurudi ndo kichekesho, unaondoka kule saa tisa usiku unafika Dar saa mbili na kidogo asubuhi hiyohiyo, kwenye karatasi ni masaa matano, mgongo wako utakuambia ukweli. Namna ya kutojichanganya: geuza saa zote mbili ziwe za nyumbani kwanza, ndo utoe. Dubai ni rahisi zaidi, kilomita kama 3,980 kutoka Dar, ukiona tiketi inaonyesha masaa sita na nusu kwenda, toa lile moja la majira, umebaki na matano na nusu ya kukaa kwenye kiti.

Sasa hesabu ya mwisho ambayo ndo ya maana kwa mtu mwenye miadi: mlango kwa mlango. Chukulia tiketi yako ni 11:20 kufika 13:25, yaani saa 5:20 asubuhi mpaka 7:25 mchana. Unakaa Ujiji. Uwanja wetu hauko mbali, bajaji haikusumbui, lakini uwanjani uwe umefika masaa mawili kabla, kwa hiyo saa 3:20, toka nyumbani saa 2:50 maana lazima mtu asahau kitambulisho arudi. Ukishatua Dar saa 7:25 weka nusu saa ya kushuka na kungoja begi, na kama una boksi la migebuka litakuja la mwisho, sijui kwa nini. Saa 7:55 uko nje. Uwanja wa Dar mpaka Kariakoo ni kilomita kama 12 tu, lakini ni kilomita za Barabara ya Nyerere, ile flaiova ya TAZARA imesaidia sana ila jioni bado utakaa. Weka saa nzima, jioni weka moja na nusu. Unafika Kariakoo saa 9 hivi alasiri. Toka saa tatu kasoro mpaka saa tisa ni masaa sita na ushee, na ya angani yalikuwa mawili. Kwa hiyo mtu akiwa na miadi hospitali saa nane mchana siku hiyohiyo, namwambia tu ukweli, kata ya jana yake, lala kwa ndugu.

Kama unaunganisha ndege Dar kwenda nje usiweke chini ya masaa manne kati ya kutua na kuruka, hasa kama tiketi ni mbili tofauti. Cheki kila tiketi inataja terminali gani, za nje zinaondokea terminali 3 na sio kila ndege ya ndani inashushia hapo, unaweza kulazimika kuchukua mzigo wako ukaanza upya jengo lingine. Tiketi zikiwa tofauti na ya kwanza ikachelewa, ya pili haikusubiri wala haikujui.

Na anayekuja kukupokea usimtumie "nafika saa saba". Mtumie namba ya ndege kama ilivyo kwenye tiketi, saa ya kutua kwa Kiswahili pamoja na neno mchana au usiku, halafu mwambie aongeze nusu saa ndo atoke kwake. Ukishaingia kwenye kiti kabla hujazima simu mpigie, mwambie tumepanda sasa hivi, akihesabu masaa mawili na dakika kumi kuanzia ndege inaposogea hatakukosa.